Kilemba cha Siku Nne

Jicho langu la kushoto lilikufa miaka sita iliyopita, kinga ya mwili wangu mwenyewe ilipoushambulia mshipa wa fahamu wa jicho hilo. Tangu hapo nameza dawa za kuituliza kinga kila siku, ili na la kulia lisiende. Daktari wa Mwanza hakunificha: "Dawa hizi zinakuacha wazi kwa virusi. Ukiona upele wowote, njoo siku hiyo hiyo." Nikaitikia kama mwanafunzi mwema.

Basi mwaka jana, msimu wa pamba, paji la uso likaanza kuwaka upande wa kulia, kisha vikatoka vipele vya maji. Nikavijua. Mkanda wa jeshi. Na hapa Bariadi ukiugua mkanda wa jeshi, watu hawaulizi mara mbili: kakanyaga waya, ana Ukimwi. Marehemu mume wangu aliondoka kwa ajali ya bodaboda, lakini nani angejali? Ofisini kwetu habari huzunguka kabla chai haijapoa.

Nikafunga kilemba. Eti mimi, na vyeti vyangu vyote, naogopa umbea kuliko upofu! Siku nne nilikwenda kazini kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi, na watu wakanisifia, "Dada, leo umetoka!" Huku chini naungua. Mjinga mimi.

Siku ya tano mama akaja kutoka Sapiwi kuniletea mchele. Nikapiga magoti kumwamkia, "Mwangaluka, mayu," na kabla hajaitikia akaona jicho la kulia lilivyovimba. Akakivuta kilemba. "Yesu wangu!" Akatoka mwenyewe barabarani kuita bodaboda.

Hospitali walinilaza, wakanipa dawa ya virusi, wakasema nimechelewa. Wakanipima na Ukimwi; sina. Majibu nikamwomba nesi amsomee mama, kisha nikamweleza habari ya dawa zangu mwanzo mpaka mwisho. Mama alisikiliza vizuri kabisa. Halafu akanishika mkono, akasogea karibu ili wagonjwa wengine wasisikie.

"Mwanangu, hata kama ni huo, mimi sikuachi. Ila usiache kumeza dawa zao."

Nilitaka kupiga kelele. Hakuna anayenipenda kama yeye, na hakuniamini hata kidogo. Nikamgeukia nimtazame machoni, nimwapie. Pale ulipokuwa uso wake niliona ukungu mweupe tu.