Mitawanda ya Bi Zuleikha

Mimi nilimwambia Mastura waziwazi: hii si kazi. Mtu mzima, mtoto wa watu, wajifungia chumbani na magodoro ukutani, wapiga vyungu na kusonya peke yako! Tunaishi ua mmoja hapa Likoni, ukuta wangu ndio ukuta wake, kwa hiyo kila anachokigonga mimi nakisikia. Nikamuuliza, "Hebu niambie, una akili timamu wewe?" Akacheka tu.

Kazi yake ni kutia sauti kwenye katuni. Studio moja ya Nyali huchora picha kwa kompyuta, kisha yeye anazitilia milio. Siku moja alikaa juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi akanieleza. "Mama Nyale, mtu akianguka, puu, hilo jepesi. Kazi ni mtazamaji asikie kwamba kaanguka na kaona aibu." Nikamsonya. Akaniomba nisonye tena, polepole, anirekodi. Basi msonyo wangu sasa ni wa bata mmoja mwenye kiburi, na watoto wote wa hapa wanajua ni mimi. Tobaa!

Tangu hapo nikawa namtegea sikio. Huzuni kwake ni kanga mbichi ikikamuliwa karibu na maikrofoni. Hofu ni mchele ukipepetwa kwenye ungo, taratibu, halafu kimya ghafla. Furaha alikuja kuichukua jikoni kwangu: hamri likitumbukia kwenye mafuta ya moto. Nikaacha kumcheka, angalau mbele ya watu.

Mwezi uliopita akapewa filamu nzima aifanye peke yake, mara ya kwanza tangu aanze. Ni ya paka aliyeachwa nyumbani, bibi yake kasafiri, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Mwishoni bibi anarudi, lakini uso wake huonyeshwi. Waona masikio ya paka tu yakisimama. Hatua ndizo za kusema kwamba huyu ndiye, amerudi. Mastura alijaribu ndala, akajaribu viatu vya ngozi, akajaribu vifuu vya nazi. Rashad, mwenye studio, akavikataa vyote.

"Nasikia viatu," alimwambia. "Simsikii mtu."

Akampa mpaka Ijumaa jioni. Akishindwa, filamu inakwenda kwa mtu wa Nairobi, na yeye arudi kwenye milio yake ya puu. Masikini, alikonda. Chai hanywi, salamu haitiki vizuri.

Na mimi nilijua anachokitafuta kiko chini ya kitanda chake. Mamake, Bi Zuleikha, alifariki kabla ya Ramadhani. Nguo zake zilitolewa sadaka, kama ilivyo desturi, isipokuwa mitawanda yake, vile viatu vya mti alivyovaa akienda kutia udhu. Mastura aliifunga kwenye kanga, hakutaka mtu aiguse, na yeye mwenyewe hakuweza kuifungua. Ua mzima tulikuwa tukiamshwa na mitawanda ile kila alfajiri. Bi Zuleikha goti lilimsumbua, kwa hiyo hatua moja ilikuwa nzito, moja nyepesi. Ikisimama mlangoni pangu, najua amekuja kunijulia hali, naitika kabla hajaniita.

Alhamisi nikashindwa kunyamaza. "Mwanangu, wajua pa kutafuta."

Alinikazia macho, akaingia ndani, akaufunga mlango kwa kishindo. Akanuna. Nami nikanuna, maana kubembeleza sikujaliwa.

Ijumaa mchana wanaume walikuwa msikitini, ua umetulia, hata tuktuk barabarani zimepungua. Nilikuwa nimeinamia beseni nakanda unga wa mahamri. Mara nikasikia kwenye sakafu ya ukumbini: ka, nzito. Ka, nyepesi. Ikaja bila haraka, ikasimama mlangoni pangu.

"Abee, Bi Zuleikha! Karibu, mikono ina unga!"

Halafu nikasikia nilichokisema. Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikalia kama mtoto mdogo. Nilimpenda yule mama, jamani, na sikuwahi kumwambia.

Mlango ukafunguliwa. Mastura alikuwa amevaa mitawanda ya mamake, maikrofoni mkononi, machozi yanamtiririka.

"Umeitika," akasema. "Mama Nyale, umeitika!"

Tukakumbatiana, buibui lake likajaa unga.

Rashad alipiga simu kabla ya Magharibi. Alisema amesikiliza akiwa amefumba macho na amemwona mtu. Filamu ni ya Mastura, na inayofuata pia. Ila alitaka kujua, huyo mama anayeitika ni nani? Mastura akaomba radhi, akasema sauti hiyo ataikata.

"Kata mambo ya unga," Rashad akasema. "Abee iache. Huyo ndiye paka."

Basi filamu ile isiyo na maneno ina neno moja, nalo ni langu. Hata hivyo bado nasema hii si kazi, ili asivimbe kichwa.

Mitawanda haikurudi chini ya kitanda. Mastura huivaa kila alfajiri akienda kutia udhu. Magoti yake ni mazima, hatua zake zote ni nyepesi. Akifika mlangoni pangu husimama, na mimi namwitikia abee, japo ni mtoto kwangu.