Kasha la Umeme na Mkono wa Ndahani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliponusurika kuwa mjane kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli imeshafika Dodoma, nami ni mke mpya pale Kikuyu, kando ya mji huo, nimetokea kwetu Mlali, sijamaliza hata mavuno mawili ukweni.

Wewe leo unapeleka mtama mashineni. Sisi mke mpya alipimwa kwa jiwe la kusagia. Mama mkwe anakaa nje ya nyumba ya tembe, anasikiliza. Jiwe likienda kasi, anasema, "Tumepata mke." Likizubaa, majirani wana habari kabla jua halijatua. Basi nilikuwa nasaga kama ninayefukuzwa, na sifa, niseme kweli, zilikuwa zimeniingia kichwani.

Mume wangu, Ndahani, alifanya kazi relini. Chuma kilimwangukia mkono wa kulia. Mfupa ulipona, lakini kiganja kilibaki kinaning'inia, vidole havina habari. Mkulima asiyeshika jembe, utamwambia nini? Alifika mahali hataki hata kula mbele za watu.

Dokta wa Kijerumani alikuwa na kasha la mbao lenye gurudumu na mpini wa kuzungusha. Ukizungusha, umeme unapita kwenye nyaya mpaka kwenye vishikio viwili vya shaba alivyoshikishwa mgonjwa, na misuli iliyolala inaamka kidogo kidogo. Tulienda kila asubuhi, mama mkwe akitusindikiza. Aliyezungusha ni Bwana Feruzi, mkalimani, mtu wa pwani. Siku hiyo dokta akamwita chumba cha pili.

"Shemeji, nishikie mpini huu, uzungushe," akaniambia. "Polepole tu, na hicho kibao cha chuma cha pembeni usikiguse."

Polepole! Na mama mkwe yuko nyuma yangu anasikiliza gurudumu linavyolia? Mkono ulikwenda wenyewe, nikajiona niko jiweni. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote, na vidole vilipokawia kuitika, nikakivuta na kile kibao mpaka mwisho.

Ndahani akapiga yowe. Mkono wake wa kushoto, ule usioumia, ukakaza kishikio, akashindwa kukiachia, akaanguka chini na kiti chake. Macho yakafumba. Nilijua nimemuua. Sijawahi kuogopa vile, tangu siku ile mpaka leo.

Kisha akafumbua macho, akanitukana. Mwanangu, sijasikia tusi tamu kama lile! Nilicheka na kulia kwa pamoja, nimeketi pale pale sakafuni.

Feruzi alikuja mbio. Alipoona mgonjwa anapumua, naye akashusha pumzi, akatuonyesha kibati chenye namba kilichopigiliwa kwenye kifuniko. "Aliyebuni kasha hili amepewa hati na serikali ya kwao, mwingine haruhusiwi kuliiga. Na hati yenyewe si ya umeme, shemeji. Ni ya hicho kibao cha kuupunguza: ukikivuta chote, unakuja wote."

Nilidhani mama mkwe atanirudisha Mlali siku hiyo hiyo. Akanishika bega.

"Umesikia? Nguvu hata radi inazo, na hakuna aliyeipa hati. Mkwe wangu, kosa ni langu pia. Nasikia jiwe lako linakimbia, nanyamaza kwa kupenda sifa za majirani. Unga wako una mchanga wa jiwe. Tunautafuna tu."

Kutoka siku hiyo nilisaga taratibu, na ugali ukalika. Kasha nalo liliendelea na kazi yake mikononi mwa Feruzi. Kwanza kidole gumba kikatikisika, kisha vingine, na kabla ya mvua za kwanza Ndahani alishika jembe. Nilimtazama akilima, nikahisi mzigo umetuliwa kichwani.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: nguvu unazo, ujana ndio huo. Tafuta kiasi chake. Kazi ina kiasi, mtoto ana kiasi, hata mapenzi yana kiasi, na mwenda pole hajikwai. Usitosheke na wanaokusifu. Wanaponyamaza, waulize. Mungu akujalie mikono yenye nguvu, na akupe mtu wa kukwambia ukweli ungali na nafasi ya kuachia.