Nilimwonea wivu afande kwa ajili ya mate yake, aliyeumia ni baba

Wakuu, nawasalimu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka. Shule niliishia la saba, naandika pole pole, uzi huu umenichukua siku tatu. Yalitokea hivi hivi, hata pale ninapoonekana mbaya.

Miaka sita iliyopita baba alipatikana na saratani nyuma ya pua, ikashuka hadi shingoni. Mbarara walimpima, wakamtuma Kampala kupigwa mionzi wiki saba. Mimi ndiye nilimsindikiza. Baba anajua Kiswahili chetu cha Kongo tu, na mimi nilikuwa nimeokota Kinyankole cha wenyeji na Kiingereza kidogo sokoni Base Camp, hapa hapa kambini.

Alipona. Lakini mate yalikauka kabisa.

Asiyejua atacheka. Bila mate ugali haupiti, meno yanaoza, na kanisani baba anaingia na chupa ya maji kama mtu wa safari. Halafu kwetu binti akiolewa, pastori akimaliza kuomba, baba humtemea mate kidogo kwenye viganja. Ndiyo baraka ya mzazi. Dada yangu Furaha alikuwa ameshachumbiwa, na mimi nilikuwa najiuliza kila siku: baba atatema nini?

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikwenda kliniki ya marudio Mbarara. Kwenye benchi alikaa sajenti mmoja wa kambi ya jeshi, wote wanamwita afande. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa baba, nyuma ya pua na shingoni. Alikuwa na miezi minane tu tangu amalize mionzi.

Na alikuwa anatafuna karanga kavu. Bila maji.

Baba alimtazama mpaka nikaona aibu. Akaniambia, "Uliza nesi. Ule mate alitoa wapi?"

Nesi alinieleza kwa Kinyankole, bila haraka. Baba alipigwa kwa njia ya zamani, mionzi ikitoka pande mbili za uso na kupita kwenye tezi za mate karibu na masikio, zikaungua. Afande alipigwa kwa njia mpya. Anapigwa picha kwanza, anavalishwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwenye uso wake ili asitikisike, halafu kompyuta inaelekeza mionzi kutoka pande nyingi, ikaze kwenye ugonjwa na kuzihurumia tezi kadiri inavyoweza. Si wote wanaobaki na mate, inategemea ugonjwa umekaa wapi.

Yaani tofauti yao ilikuwa mashine na mwaka, basi.

Wakuu, wivu ulinishika. Kwa nini baba yangu ndiye awahi kuugua? Nikamwangalia afande anavyolamba chumvi vidoleni, nikamchukia mtu ambaye hajanikosea.

Nikamtafsiria baba: "Anasema ugonjwa wa huyu ulikuwa mudogo."

Nilitaka tu kumpunguzia afande ushindi wake. Baba akaitika, akanywa maji.

Sikufikiri yeye atasikia nini. Alisikia kwamba wake ulikuwa mkubwa, na mkubwa hurudi. Tulipofika nyumbani akaanza kunionyesha mipaka ya shamba. Akaenda kwa wakwe, akawaomba harusi isingoje mavuno ya mahindi. Akamwambia mama anataka kumwona Furaha akiolewa macho yake yakiwa bado wazi. Mama akalia, mimi nikanyamaza. Mimi ni mtu wa haya, na uongo ukishalala nyumbani wiki moja, kuutoa ni kazi.

Tulirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Daktari wa siku hiyo alijua Kiswahili, hawakunihitaji ndani. Afande akaja kukaa karibu yangu, akaninyooshea karanga. Nikakataa.

"Kijana, mzee yako iko na miaka ngapi toka apone?"

Nikamwambia sita.

Akapiga mluzi. "Mimi hata moja sijafika. Asubuhi nikikohoa, nasema hiyo imerudi. Bibi yangu ananiambia, angalia ule mzee ya Nakivale, si iko? Mimi naona mzee yako wivu, kweli."

Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akatoka. Alisema daktari hakuona kitu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anahurumiwa. Nikamweleza pale pale, mbele ya afande: tezi, kinyago, kompyuta, na kwamba ugonjwa wao ulikuwa sawa.

Alimtazama afande, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Miezi tatu umenizika, na mimi niko natembea."

Alinyoosha mkono kwa afande, akachukua karanga mbili, akazitafuna na maji ya chupa yake. Ilichukua muda. Afande akamngoja amalize.

Harusi ilibaki siku ile ile ya haraka aliyoiomba baba, wakwe walishajipanga. Baba alipiga funda la maji, akalishika mdomoni mpaka likapata joto lake, akalipuliza kwenye viganja vya Furaha. Afande tulikuwa tumemwalika. Alikaa mstari wa mbele na mate yake yote kinywani, na siku hiyo hakuna aliyeyahitaji.

Nimejifunza kwamba ukimtafsiria mzazi, mpe maneno yote, hata yanayokuchoma wewe. Na mwenye mgonjwa wa kichwa au shingo anayesubiri mionzi, muulize daktari mapema kuhusu mate na meno, kabla ya siku ya kwanza.

Wivu wenyewe haujaisha. Baba na afande wanapigiana simu kila Jumapili, na nikisikia upande wa pili mtu anatafuna, natoka nje.

Nyie mnaowasemea wazazi hospitalini, mliwahi kumeza neno? Niambieni. Nitasoma yote, kujibu ndiko kutachelewa.