Isale Kwenye Kaburi la Kinu

Ninyi mliokulia Landani wakati simu ya nyumbani bado imefungwa ukutani, mtanielewa nikisema kwamba Jumapili yetu ilikuwa na harufu yake. Ilinukia chapati, chai ya tangawizi iliyovujia mfukoni, na sweta lililolowa mvua. Tulikaa mtaa wa Queensbury. Mama alikuwa akihudumia wazee wiki nzima, anawageuza na kuwaogesha, lakini Jumapili tukitoka kanisani alikataa katakata kurudi kulala. "Miguu yangu inataka udongo," alisema. Basi tulimchukua Mama Salma, jirani yetu wa Unguja, pamoja na binti yake, tukapanda basi hadi mwisho wa njia, pale nyumba zinapokoma na malisho yanapoanza.

Huko kulikuwa na tuta refu lililoota majani, lenye mtaro kando yake, limekatiza malisho kama mshono kwenye nguo kuukuu. Mahali pamoja tuta liliacha pengo la kupita mkokoteni. Karibu na pengo hilo kilikuwapo kilima cha duara, kidogo, kilichoinuka peke yake kama kitumbua.

Watembeza mbwa walilivuka tuta popote walipotaka. Sisi tulipojaribu siku ya kwanza, Mama alipiga kelele hadi kondoo wakainua vichwa. "Shukeni! Mpaka wa watu huo! Piteni mlangoni, pale penye pengo!" Kwao Rombo, Uchagani, mpaka wa shamba hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani, na hakuna anayeng'oa isale la jirani hata akiwa amelewa. Isale hupandwa makaburini pia. Na mtu mliyekosana naye akikuletea isale mkononi, huwezi kumfukuza, mtakaa, mtazungumza.

Kwa hiyo Mama alipoona mpaka, na kando yake kilima cha duara, alijua mara moja kwamba hapo amelazwa mzee wa ukoo.

"Kaburi gani hili, Mama Ndeshi, kubwa kuliko sebule yangu?" Mama Salma alimuuliza Mama.

"La mtu mkubwa."

"Basi alikula vizuri, Mungu amrehemu."

Wiki iliyofuata Mama alikuta masale dukani, yamepangwa karibu na sabuni, yanauzwa kama mapambo. Alisimama pale kama aliyekutana na shangazi yake kwenye foleni. Alinunua mawili. Moja aliliweka dirishani kwetu, jingine akalipanda chini ya kilima, akalimwagia chai iliyobaki kwenye chupa. Tangu hapo hatukupanda kilimani bila kusema, "Hodi, babu." Tukishasema, babu alikoma! Tuliteleza juu yake kwa maboksi, tukabiringika hadi mtaroni, tukacheza kombolela hadi magoti yakageuka kijani. Siku hizi mtoto akitaka kupanda ngazi tatu anavalishwa kofia ngumu kwanza.

Siku moja mzee mmoja mwenye mbwa alitukuta tukipiga hodi. Akatueleza, kwa upole, kwamba hapo hakuzikwa mtu. Katika zama za kati palisimama kinu cha upepo cha mbao, cha kusagia nafaka ya kijiji, na udongo ule ulirundikwa juu ya boriti zake za chini ili upepo usikiangushe. Tuta kweli lilikuwa mpaka, wa kijiji hiki na kile.

Mama Salma alicheka hadi akakaa kwenye majani. "Miezi yote hii unamlilia kinu, mwenzangu!"

Mama alijifunga upya kanga yake. "Miguu yake si ilifukiwa humu? Ni kaburi vilevile. Kaburi la kinu." Akatumiminia chai. Baridi ya Desemba ililiua lile isale, likawa jeusi kama mchicha uliosahauliwa jikoni, lakini hodi tuliendelea kupiga.

Sasa mwenye malisho anataka kusawazisha kilima na tuta, apate maegesho ya magari. Kutakuwa na mkutano wa wakazi Jumamosi, na yeyote anaruhusiwa kusema. Nimekuwa nikiandika riwaya kuhusu watu wasio na pa kurudi, na kumbe pa kurudi ninapo, pana urefu wa kitumbua, na trekta moja linatosha kupamaliza.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Mama, pamoja na Lina, binti wa kaka yangu. Lina alisimama juu ya tuta na simu yake, anajipiga picha.

"Shuka! Mpaka wa watu huo!" Mama akafoka, fimbo hewani.

Lina alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni udongo tu, na watu wenyewe hawapo.

"Wewe hupo?" Mama akamuuliza.

Mtoto akaacha kupiga picha. Akashuka, akazunguka, akapita mlangoni. Mbele ya kilima akasita, akanitazama, akasema kwa Kiswahili kilichochechemea, "Hodi, babu." Kisha akapanda mbio, simu imebaki kwenye majani.

Sisi tulikuwa na udongo wa kuchafukia, akina Lina wana picha zake. Nikikaa kimya Jumamosi, watabaki na hizo picha tu. Sitakaa kimya.

Tukiwa kwenye basi nilimwambia Mama kwamba nitasimama na kusema. Aliafiki. "Wewe sema. Mimi nitabeba isale." Alimaanisha lile la dirishani, ambalo sasa linagusa dari.

"Mama, wale hawajui maana yake."

"Utawaeleza kwanza," alisema, akiishika vizuri fimbo yake. "Halafu nitampa yule bwana wa malisho mkononi, mbele ya watu. Tuone atanifukuzaje."