Nilituma jina la marehemu ndugu yangu kwenye chombo cha anga za juu, mama akauliza kama kitarudi

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Bomet ni mvua na stima ya kupotea potea, kwa hivyo nikinyamaza katikati ya comments msidhani nimetoroka.

Hii si story ya kuambiwa. Ilitokea kwetu, na wahusika wengine wako hai na wanaweza kuisoma hapa. Ndiyo maana nitaiandika vile ilivyokuwa, bila chumvi.

Niite Chepkoech. Nina cyber ndogo hapa town. Kazi yangu ni kuprint, kuscan, na kusaidia wazee na mambo ya online. Nyumbani ni huko juu kwenye majani chai. Mama bado anachuma mwenyewe na kupeleka buying centre, hataki kusikia habari ya kupumzika.

Tulizaliwa watatu. Wa kwanza ni kaka yetu Wesley, halafu mimi, halafu Kibet.

Kibet alipata shida ya figo akiwa bado shule. Mimi ndiye nilikuwa naenda naye hospitali Kericho kusafishwa damu, kwa sababu Wesley anafanya kazi mbali na mama hakuweza kuvumilia kuona ile mashine. Kama umewahi kusindikiza mtu dialysis unajua. Unakaa. Damu ya mtu wako inazunguka kwenye mrija mbele ya macho yako, na huna la kufanya.

Wagonjwa wengine walikuwa wanalala. Kibet alikuwa kwa simu.

Mwanzoni nilidhani ni michezo. Siku moja nikachungulia. Kulikuwa na picha ya kitu kama moshi mweupe kwenye giza, na chini yake swali: hii galaxy ni ya mviringo, ama ina mikono? Anabonyeza jibu, inakuja nyingine.

Akanieleza kwamba galaxy ni kundi kubwa la nyota, na kwamba wanasayansi wana picha nyingi za darubini kuliko macho waliyo nayo, kwa hivyo wanaomba watu wa kawaida popote duniani wawasaidie kuzipanga. Hakuna malipo. Huulizwi digrii.

Nikamwambia, "Sasa wewe na hali yako, si upumzike tu?"

Akasema, "Koech, hapa hawajui mimi ni mgonjwa."

Hiyo sentensi sijawahi kuisahau. Kila mahali pengine alikuwa mgonjwa. Kanisani anaombewa, nyumbani anapikiwa chakula chake bila chumvi, kijijini watu wanamsalimia kwa sauti ya huruma. Kwa ile simu alikuwa mtu anayefanya kazi ambayo watu wanaingojea.

Alikuwa pia anafuatilia vyombo vinavyotumwa kwenye sayari. Alijua kipi kimefika wapi. Nami kwa kukaa naye nikaanza kujua, bila kutaka.

Kibet alituacha kabla figo ya kuwekewa haijapatikana. Sitaki kukaa hapo sana.

Baada ya mazishi mama aliacha kutaja jina lake. Hakutukataza, lakini aliacha. Ikawa "yule kijana" ama "yule wetu." Nasi tukafuata. Nyumba ikazoea. Unaweza kumaliza Christmas nzima watu wamejaa na jina halijatamkwa hata mara moja.

Simu yake nilibaki nayo mimi. Emails za mambo ya anga ziliendelea kuingia, na kusema ukweli nilikuwa nazisoma kwa niaba yake. Siku moja ikaja moja ya kualika watu watume majina. Chombo kilikuwa kinatengenezwa kwenda kuzunguka sayari ya mbali sana, safari ya miaka, na majina ya watu wa kawaida yatachongwa kwenye kipande kidogo cha chip, herufi nyembamba kuliko unywele, na kufungwa ndani ya chombo. Unajaza jina tu.

Sikuandika langu. Niliandika la Kibet.

Nikaletewa boarding pass yenye jina lake, kama mtu anayepanda ndege. Nililia pale cyber mpaka mteja akaniuliza kama amenikosea. Halafu nikaiweka status, na maneno mafupi: "Safari njema, ndugu yangu."

Hiyo status aliiona shangazi yetu, dada ya baba. Sisi tunamwita senge. Senge hawezi kuweka kitu tumboni.

Siku iliyofuata mama alitokea cyber. Mama hapendi town. Alikuja na gumboots za shamba, akasimama mlangoni mpaka wateja wakapisha. (Tunaongea Kipsigis, naweka kwa Kiswahili.)

"Mtoto wangu umemtuma wapi?"

Nikamweleza. Nikaweka picha za chombo kwa screen, nikaonyesha sayari, nikaongea kama mwalimu. Alisikiza yote bila kunikata.

"Hiyo chombo inarudi lini?"

"Hairudi, mama. Itabaki huko."

Akakaa kwenye benchi ya wateja. Akaangalia mikono yake. Halafu akasema polepole, "Na Mercy ana mimba."

Hapo ndipo nilielewa.

Kwa wale si wa huku: sisi ni watu wa kanisa, mama ni wa choir kabisa. Lakini mambo ya majina hatujawahi kuyaacha. Mtoto akizaliwa, kina mama wanaita majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya lingine, na mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi ni huyo amerudi. Ugoro kidogo karibu na pua unasaidia, tusidanganyane. Lakini hilo jina linakuwa lake na linachukuliwa kwa uzito.

Mercy ni mke wa Wesley. Mama alikuwa anangoja huyo mtoto kwa sababu ambayo hakuwa amemwambia yeyote. Alikuwa anangoja kumuita Kibet.

"Rudisha," akaniambia.

"Mama, ni jina tu. Ni herufi."

"Kama ni herufi tu, ulilia kwa nini?"

Nikavuta kiti kwenye kompyuta mbele yake.

Niliandika email kwa wahusika wa ile mission kuomba jina litolewe. Sikutegemea jibu, lakini mtu alinijibu, mtu wa kweli, si mashine. Alisema majina yalishafungwa na kuchongwa, haiwezekani kutoa moja. Alisema anasikitika kwamba kitu walichokifanya kwa nia njema kimemuumiza mama. Kisha akauliza kama ningependa kumwambia Kibet alikuwa nani. Nikamwambia habari ya galaxies. Alijibu kwa mstari mmoja: huyo alikuwa mwenzetu.

Nilimsomea mama. Akasema, "Ni mtu mzuri, lakini hajanisaidia."

Ikafuata miezi migumu. Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Nikienda nyumbani ananipa chai, ananiuliza habari ya biashara, basi. Senge naye badala ya kunyamaza akaongeza moto, akasema kijana aliyekufa bila kuoa hata haitwi, kwa hivyo mama anasumbuka bure. Mama akamjibu, "Nitamuita mimi." Baba alitoka nje kuangalia ng'ombe, kama kawaida yake.

Siku ya launch nilikuwa nimepanga kuangalia peke yangu. Lakini mama alinipigia, akasema nije nyumbani na ile simu yangu kubwa, kwa sababu kama mtoto anasafirishwa, mama yake hawezi kukosa kumsindikiza.

Tukakaa sitting room, simu imeegemea flask. Wakaahirisha. Huko kwao kulikuwa na dhoruba.

Mama akashangaa sana. "Na hawa pia wanangoja mvua ipite?"

"Ndiyo."

"Nilidhani wao wanaiamuru."

Aliwapenda kidogo baada ya hapo, niliona.

Mara ya pili kwetu ilikuwa jioni, kwao jua bado liko. Walipoanza kuhesabu, mama alisimama na kutoa kitambaa kichwani, halafu akakifunga tena vizuri, kama anaenda kuingia kanisani. Moto ukatoka. Chombo kikapanda polepole, polepole kuliko nilivyofikiria, halafu ikawa nukta, halafu ikawa hakuna. Watu wa kule wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Mama aliomba kwa sauti ndogo sana, akataja "huyu mtoto na wote aliosafiri nao." Akaniuliza wale wengine ni kina nani. Nikamwambia sijui, ni watu wa dunia yote, wengine watoto, wengine pengine walishafariki kama yeye.

Akasema, "Wana mama zao wote."

Mercy alijifungua kijana wakati wa mvua kubwa. Kina mama wakakusanyika, nami nilikuwepo.

Desturi ni kuanza na majina ya wazee. Mama akasema hapana, ataanza yeye. Akainama juu ya mtoto na kuita, "Kibet. Kibet, umekuja?"

Wakuu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka hilo jina tangu tumzike.

Mtoto alilala tu.

Akaita tena. Senge akasogeza ugoro. Hakuna. Akaita mara nyingine, sauti ikaanza kukatika, na Mercy akaanza kulia pale kitandani. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Mwishowe aliacha mwenyewe, akarudi nyuma, akamwambia senge, "Endelea."

Senge akaita wazee. Alipofika kwa babu ya baba yetu, mzee aliyejulikana kijiji kizima kwa kugombana na majirani juu ya mipaka ya shamba, mtoto akapiga chafya hata akashtuka mwenyewe. Nyumba ikacheka. Mtu akasema, "Mungu atusaidie, amerudi na kesi zake." Hata Mercy alicheka huku anapanguza macho.

Mama alicheka pia, halafu akatoka.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mwisho wa boma ambapo majani chai yanaanzia, mvua imeisha, matone bado yanaanguka. Nilikuwa nimejitayarisha kupokea lolote. Nilijua atasema ni mimi niliyeharibu.

"Ulisema hairudi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi hukunidanganya."

Halafu akaanza kucheka peke yake. Akasema, "Kibet alikuwa hivyo hivyo. Nikimwita akiwa na ile simu yake, naweza kuita mpaka sauti iishe. Hageuki. Anafanya kazi yake."

Na akaendelea. Alinieleza vile alivyomzaa mchana katikati ya kuchuma, vile mtoto alivyoogopa bata, vile alivyomfichia mwalimu fulani kofia. Vitu vingine sikuwahi kuvijua. Tulikaa nje mpaka tukaitwa kula.

Sijui nini hasa kilitokea siku hiyo. Mimi si mtu wa kuamini kwamba mtoto hakupiga chafya kwa sababu jina liko njiani kwenda sayari nyingine. Mama naye sijui kama anaamini, sijamuuliza. Najua tu kwamba jina limerudi mezani kwetu. Tunalitaja tukila.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi missions kutualika sisi watu wa kawaida ni jambo kubwa, na sitaki ziache. Zilimpa ndugu yangu kazi wakati mwili wake ulikuwa umemnyima kila kitu. Lakini jina la mtu halikai kwa mtu mmoja. Nililiona kama langu kwa sababu mimi ndiye nilikaa naye pale kwenye mashine. Mama alikuwa amelibeba kwa njia nyingine, kimya, na sikuwa nimefikiria kumuuliza.

Juzi jirani yetu mmoja mjane alikuja nyumbani kuuliza kama kuna chombo kingine kinaenda, anataka kupeleka jina la bwana yake. Kabla sijafungua mdomo, mama alimjibu: "Zinaenda mara kwa mara. Lakini mama mkwe wako bado yuko. Umemuuliza?"

Yule jirani akasema ataenda kumuona kwanza.

Basi wakuu, hayo ndiyo yaliyotukuta. Wale mmeshatuma majina kwa hizi safari, ama mnapanga picha za darubini kama Kibet, semeni hapa chini. Na wale wanaoona nilikosea pia semeni, sitakasirika. Ninachotaka kujua ni hiki: wewe ungetuma jina la nani, na ni nani ungepaswa kumuuliza kwanza?