Salmini Masizi na Uso wa Mama

Tabora ya miaka ile, kupiga picha halikuwa jambo la mchezo. Mtu alikoga, akajipaka mafuta, akaazima saa kwa jirani, akasimama wima kama anaapishwa, redio mkono mmoja, mkono mwingine begani kwa mwenzake, na jua limpige usoni barabara. Picha ni uso, bwana! Usipoonekana uso, umepigwa nini?

Sasa njoo kwa Salmini bin Ghalibu, fundi saa wa karibu na soko. Yeye alisubiri jua likaribie kuzama, akalielekea, na wewe akakuweka katikati. Picha ikitoka, mbingu nzima inang'aa, mawingu yamejipanga, na wewe mwenyewe mweusi tii, utosini mpaka kisiginoni. Watu walikasirika, jamani. Wenceslaus, mleta asali wa Ipole, aliyekuwa akija mjini na baiskeli iliyosheheni madebe, alipopewa yake aliigeuza juu chini, kisha akaigeuza tena.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mimi? Salmini, nimekukosea nini hata unipake masizi?"

Basi jina likamganda. Salmini Masizi. Waliomletea saa zao hawakuuliza tena duka la fundi Salmini, waliuliza kwa Masizi. Lakini Wenceslaus, pamoja na kelele zake zote, picha ile hakuirudisha. Aliitundika ukutani kwake, na siku moja akaja kukiri kwamba kila anayeingia humtambua mara moja, kwa vile anavyosukuma baiskeli ameinamia upande wa kushoto. Salmini alitabasamu tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkaidi kupita punda.

Kamera yenyewe ilikuwa ya kisanduku, ile ya kutazamia kwa juu, unaishika kifuani kama mtu aliyebeba sahani ya pilau. Aliachiwa na karani mmoja wa reli, Mgoa, aliyeondoka mara baada ya Uhuru. Salmini hakufundishwa na mtu. Jioni akifunga duka aliichukua, akatembea mpaka njia ya zamani ya misafara, kule Itetemia, akapiga wachunga ng'ombe wanaorudi, akina mama na mitungi yao, vijana wa mgambo wakifanya kwata, majembe begani badala ya bunduki. Wote weusi, jua nyuma yao. Wengi walidhani ni kutojua. Wachache walidhani ni ufundi. Ukweli hakuna aliyeujua, maana ukweli ulikuwa umekaa nyumbani, juu ya paa.

Nyumba yao ilikuwa tembe la kale, kuta nene, paa la udongo lililo sawa kama uwanja, alilojenga babu yake alipochoka kufuata misafara. Mzee Ghalibu, baba yake Salmini, alikuwa na sheria zake humo ndani, na moja haikujadiliwa: sura ya mwanamke wa nyumba ile haitiwi mkononi mwa mwanamume asiye ndugu. Na picha, hata ukiipiga mwenyewe, lazima mkanda uende kusafishwa. Kwa nani? Kwa Mzee Malek, mwenye studio ya pekee mjini iliyosafisha mikanda ya wateja. Malek alikuwa Mhindi mstaarabu, mwenye kusali, lakini alikuwa mwanamume. Basi, mjadala ukaishia hapo. Mzee Ghalibu alifariki mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, ila sheria yake haikufuatana naye kaburini.

Bi Tufaha, mama yake Salmini, alikuwa na akili zake. Jioni moja alikuwa juu ya paa akikusanya michembe, vile viazi vitamu alivyovikata na kuvianika, ungo kiunoni, na mwanawe amekaa ukingoni na kamera, anapiga mawingu matupu.

"Salmini we, utapiga mawingu mpaka lini? Mawingu yamekuzaa?"

"Mama, unajua wasia wa baba."

"Baba yako alikataza uso." Akaenda akasimama mbele ya jua, akainua ungo. "Haya. Unauona uso hapo?"

Hakuuona. Aliona umbo jeusi la mwanamke mnene kidogo, ungo juu, mtandio unachezewa na upepo, na nyuma yake jua zima la Unyanyembe. Akapiga. Picha ilipotoka, Bi Tufaha aliitazama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hata malaika hawatamjua. Kuanzia hapo ikawa desturi yao. Mama akipepeta, mama akiswali magharibi, mama akiita kuku. Miaka ikapita hivyo, na Salmini akazoea kuwatazama watu wote namna alivyomtazama mama yake. Ndiyo asili ya masizi yote yale.

Kisha yakaja ya kuja. Kaka yake mkubwa, Nabhan, alikuwa na duka huko vijijini, na ulipofika wakati wa maduka ya watu binafsi kufungwa ili yawe ya vijiji, Nabhan alikata tamaa ya nchi. Ndugu wa Maskati, Uarabuni, wakaita. Akafunga mizigo, akasema mama naye anakwenda, maana mtoto mkubwa ndiye mwenye haki ya kumtunza. Salmini alikuwa ameoa Masika, binti wa Kinyamwezi wa Itetemia, na shamba lake liko hapa, na saa zake ziko hapa. Yeye haondoki. Alimwomba mama abaki. Bi Tufaha alilia, lakini hakumjibu, na asiyejibu amekwisha kujibu.

Jioni ya mwisho walipanda paani wote wawili. Salmini akampiga kama kawaida, jua nyuma. Alipotaka kuifunga kamera, mama akasema, "Bado."

Akamshika mabega, akamzungusha, akamweka yeye upande wa machweo. Kisha akaenda kusimama upande wa pili, akaliangalia jua. Akaushusha mtandio mpaka mabegani.

"Piga."

"Mama, baba…"

"Baba yako nitamjibu mwenyewe, na haitachukua muda mrefu. Huko niendako sijui kama nitarudi. Unataka unikumbuke kwa ungo?"

Salmini akainamisha kichwa juu ya kioo cha kamera. Machozi yalikuwa yamemjaa, hakuona kitu zaidi ya mwanga. Akapiga hivyo hivyo.

"Sasa niahidi," akasema mama, akijifunika. "Mwanamume wa kando asiione. Hiyo ni yako."

"Naahidi, mama."

Na Salmini, nimekwambia, alikuwa mkaidi. Aliutoa mkanda kwenye kamera, akaufunga ndani ya kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati. Ukakaa. Nani angemsafishia? Malek? Kuupeleka Dar es Salaam, ukapite mikononi mwa wanaume asiowajua hata majina? Masika alimwuliza mara moja, akajibiwa kwa kikohozi. Akaacha.

Haukupita muda mrefu ikaja habari kutoka Maskati. Bi Tufaha amefariki, amezikwa siku hiyo hiyo. Tabora wakafanya matanga bila maiti, wakasoma hitima, Wenceslaus akaja na asali, watu wakala wakatawanyika. Usiku ule Salmini aliketi na picha zake zote mapajani. Mama na ungo. Mama na kuku. Mama amesujudu. Alifumba macho amkumbuke, akauona mtandio, akaiona mikono, akaisikia hata ile sauti ya "Salmini we." Lakini uso haukuja. Alijaribu macho, alijaribu mdomo. Giza. Akaogopa kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Masika," akasema, "nimemsahau mama."

Masika hakuwa mtu wa kubembeleza. "Hujamsahau. Umemfungia kwenye kopo. Na joto hili la kwetu, mkanda ukikaa sana unaoza. Tena nimesikia sokoni, Mzee Malek anafunga studio mwezi huu, wanahamia Kanada kwa mwanawe. Wewe kaa tu na ahadi yako."

Asubuhi Salmini alilichukua kopo, akaenda. Njiani alikuwa amepanga la kusema, na lilikuwa la kipuuzi, hata yeye alijua: atamwomba mzee amfundishe kusafisha mwenyewe, au kama haiwezekani, asafishe akiwa amefumba macho. Cheka ukitaka. Aibu haimuui mtu, lakini humtembeza.

Studio nusu yake ilikuwa imekwisha fungashwa. Mzee Malek alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, miwani minene kama vitako vya gilasi.

"Shikamoo, Mzee Malek."

"Marahaba. Nani huyo? Masizi? Karibu, karibu."

Salmini akaeleza. Alieleza yote, wasia wa baba, paa, ahadi, akiwa ameinamisha uso. Alipofika kwenye kufumba macho, mzee alianza kutikisika. Alikuwa anacheka, kicheko cha mzee kisicho na sauti. Akaita ndani.

"Nasim! Njoo umsikie Salmini."

Akatoka binti yake, mwanamke wa makamo sasa, vidole vimebadilika rangi kwa dawa za picha.

"Mwanangu," akasema Malek, "mimi macho yangu yalikwisha tangu kabla ya Uhuru. Kupiga napiga kwa mazoea. Kule chumba cha giza sijaingia tangu huyu alipoacha shule. Picha zote za mji huu kasafisha yeye."

"Zote?"

"Zako zote, kaka Salmini," akasema Nasim. "Mama yako namjua. Miaka yote namwona juu ya paa, nikawa najiuliza, jamani huyu mama ana sura gani?"

Salmini akakaa chini, pale pale juu ya kasha. Miaka yote. Angeweza kumpiga mama yake akipepeta, akicheka, akikasirika, uso wake wote, na mwanamume asingeuona. Hasira zikampanda.

"Mbona hukusema, Mzee Malek?"

"Ningesema nini? Kwamba namfungia binti yangu na picha za vijana wa mji mzima? Nilikuwa na aibu zangu na wewe una zako." Mzee akavua miwani, akaifuta. "Na wewe hukuuliza."

Kwa kweli hakuuliza. Nani angeuliza?

Nasim akanyoosha mkono, akalichukua kopo. Akasema hawezi kuahidi, mkanda umekaa sana. Salmini akaambiwa arudi kesho. Akaja kabla ya mlango kufunguliwa, akasubiri barazani. Nasim alipotoka alikuwa na bahasha, ameifunga kwa gundi.

"Nyingine zimekufa kwa ukungu, kaka. Imepona moja. Baba hajaiona." Akamkabidhi, akaongeza, "Alikuwa mzuri."

Salmini hakuifungua njiani. Alifika nyumbani, akapanda paani, akakaa pale pale mama alipokuwa akianika michembe, ndipo akaichana bahasha. Pembeni picha ilikuwa na madoa kama ya kahawa. Lakini katikati, mama. Macho ameyafinya kwa jua, kovu dogo juu ya nyusi alilolisahau kabisa, mdomo umeanza kutaka kusema kitu. Bi Tufaha, uso mzima. Salmini aliutazama kama anayeusoma, mstari kwa mstari, na kila kitu kikamrudia.

Masika akapanda ngazi taratibu, akakaa karibu naye. Akaitazama picha.

"Ndiye," akasema. Kisha akaweka kidole chini ya picha. Jua likiwa mgongoni mwake, mpigaji alikuwa amesahau jambo moja: kivuli chake. Kilikuwa kimelala juu ya udongo wa paa, kirefu, mabega yameinama, mikono imeshika kisanduku kifuani, na kichwa chake kimefika mpaka kwenye upindo wa kanga ya mama.

"Na huyu mweusi hapa miguuni pake," akauliza Masika, "ni nani?"

"Masizi," akasema Salmini, na hapo ndipo alipoweza kulia.