Garissa hadi Wajir, Kupitia Nairobi

"Haifiki hata saa moja," kaka yangu aliniambia kwa simu kutoka Marekani. Alikuwa ameangalia mtandaoni, akaona kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Garissa hadi wa Wajir ni kilomita kama mia mbili na hamsini angani. "Mpandishe hooyo ndege asubuhi, adhuhuri ataswalia Wajir."

Hooyo ni mama yetu. Dada yake mkubwa, anayeishi Wajir, alikuwa ameanguka uani na kulazwa, na hooyo hakuwa akila wala kulala. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Wajir. Malori yalikuwa yamezama kwenye matope, na mabasi hayakuwa yakienda.

"Hakuna ndege ya abiria ya kutoka hapa kwenda Wajir," nilimwambia.

"Viwanja viwili vipo. Ndege ikose kwa nini?"

Nilikata simu nisije nikamtukana.

Mwenye ofisi ya tiketi mjini alinionea huruma. "Abaayo, dada yangu, hapa lazima upitie Nairobi."

Nairobi iko magharibi, Wajir iko kaskazini. Tulipanda basi tukaipa Wajir mgongo. Kwenye kila kizuizi hooyo aliteremshwa aonyeshe kitambulisho, na magoti yake yale mabovu. Kijana wa polisi akamuuliza anakwenda wapi.

"Wajir," akasema hooyo.

"Mama, hii ni njia ya Nairobi."

"Waambie hao wenye ndege!" nikadakia, na hapo tukacheleweshwa zaidi kwa sababu ya mdomo wangu.

Tulilala Nairobi, mtaa wa Eastleigh, kwa jamaa. Asubuhi uwanjani walipima mizigo, kisha wakamwambia hooyo naye apande kwenye mizani, kwa kuwa ndege ni ndogo.

"Mimi ni mbuzi wa sokoni?" akaniuliza kwa Kisomali. Alikataa. Nilipanda mimi kwanza, ndipo akanifuata akiwa amefumba macho. Afisa mwingine akaufungua mkebe wake wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, akaunusa, akaita mwenzake naye anuse. Baada ya hapo tukaambiwa ndege imechelewa. Hakuna aliyesema kwa nini. Kaka akatuma ujumbe: "Mmefika?" Nikazima simu.

Tulipopaa hatimaye, hooyo aliweka paji la uso dirishani.

"Garissa iko wapi?"

"Kule kulia, mbali. Haionekani."

"Kwa hiyo tulitoka nyumbani, tukaenda mbali, sasa tunarudi ili tupite kando ya nyumbani?"

"Ndiyo, hooyo."

Hakuondoa paji la uso dirishani mpaka magurudumu yalipogusa Wajir.

Tulimkuta mama mkubwa ameshatolewa hospitalini. Alikuwa ameegemea mito kitandani, mkono umefungwa plasta, akimfokea binti yake kwa kuunguza maziwa. Alipotuona hakulia.

"Mmekuja kwa punda?" akauliza. "Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Nilikaa chini sakafuni bila hata kuvua viatu. Lakini hooyo alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu habari za kuanguka zitufikie, akapanda kitandani kando ya dada yake na vumbi lake lote, akauliza chai iko wapi.